Kusafiri na Mzee kwa Ndege kutoka Pemba hadi Ulaya: Namna ya Kuipanga Siku ya Safari

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu wa Pemba au Unguja anayefuatana na mama, baba au shangazi yake mtu mzima kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, iwe ni kwa matibabu, kwa harusi au kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa huko. Safari ya kutoka Kisauni, kilipo kiwanja cha ndege cha Unguja, hadi London au Frankfurt, kwa kupitia Doha, Istanbul au Addis Ababa, humchukua msafiri saa kumi na tano na mara nyingi zaidi ya hapo ukijumlisha na muda wa kusubiri, na kwa anayetoka Wete au Mkoani safari huanzia bandarini, kabla hata hajakiona kiwanja cha ndege. Hata hivyo, kinachomchosha mzee zaidi ya urefu wa njia ni kutojua kinachofuata: kwa nini anaambiwa avue viatu, kwa nini pasipoti inaombwa tena, kwa nini ndege imeshatua na bado haijafikwa. Kwa sababu hiyo, karibu kila ushauri uliomo humu una shabaha moja, nayo ni kwamba mwenzako aijue kila hatua kabla haijamfikia, na kazi inayoweza kumalizwa nyumbani imalizwe nyumbani.

Karatasi na majina

Anza na pasipoti zote mbili. Nchi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, zikiwemo Ujerumani na Ufaransa, hutaka pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku mnayokusudia kuondoka huko. Mimi hushauri ibakiwe na miezi 6, kwa kuwa nchi nyingi na mashirika mengi ya ndege hutumia kipimo hicho. Viza ya Schengen huhitaji pia bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na nakala ya bima hiyo isibaki nyumbani baada ya viza kutoka, kwa sababu afisa wa mpakani ana haki ya kuiomba.

Kabla ya siku ya kuchukuliwa alama za vidole, mzuie mama asitie hina wala piko kwenye ncha za vidole. Hili huonekana dogo mpaka mtu anapotoka harusini Jumapili na siku ya miadi Dar es Salaam ni Jumatatu: mashine hushindwa kusoma michirizi ya kidole kilichofunikwa rangi, na vituo vya viza huwa na haki ya kumrudisha mwombaji na kumtaka apange siku nyingine. Akitaka kupambwa, apambwe viganja au mikono, ncha za vidole ziachwe.

Jambo la majina linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa wageni hawaijui desturi yetu. Kwetu mwanamke haliachi jina la baba yake anapoolewa, hivyo pasipoti ya mama ina jina la baba yake na la babu yake, na yako ina jina la baba yako na la babu yako. Afisa wa uhamiaji anayeziweka pasipoti hizo pamoja haoni hata jina moja linalofanana, naye hana sababu ya kujua kwamba mbele yake wamesimama mama na mwanawe. Chukua cheti chako cha kuzaliwa kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, chenye jina la mama, pamoja na nakala zake. Hakikisha vilevile kuwa tiketi imeandikwa herufi kwa herufi kama pasipoti. Aliyeandikwa Mohamed katika pasipoti asiandikwe Muhammad katika tiketi, na Khadija asigeuzwe Hadija, hata kama mtaani wote wawili huitwa hivyo na hivyo. Kosa la herufi hurekebishwa kwa urahisi ofisini siku kumi kabla. Kwenye kaunta saa tano za usiku, huku nyuma kuna msururu wa watu, huwa ni balaa.

Tiketi na saa zake

Nunueni tiketi moja inayoanzia Zanzibar na kuishia mji wa mwisho. Tiketi mbili mbalimbali huweza kuwa nafuu kidogo, lakini mnaponunua hivyo, masanduku huenda yakatolewa katikati ya njia, mkalazimika kupita uhamiaji wa nchi ambayo pengine hamna viza yake, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukungojeni. Ukiwa na mtu mzima, nafuu hiyo haifai. Uliza pia, kabla hujalipa, kama nchi ya kupitia inahitaji viza ya kupita.

Usichague muda mfupi wa kusubiri kwa kutaka kufika upesi. Saa moja na nusu humtosha kijana anayekimbia. Kwa mzee anayehitaji kwenda msalani, kusali na kukaa kitako kidogo, saa tatu au nne ndizo za haki.

Kisha kuna suala la kusoma saa. Tiketi huhesabu siku kuanzia katikati ya usiku, wakati sisi tumezoea kuuhesabu usiku pamoja na siku inayoufuata au pamoja na mchana uliotangulia, kila nyumba na mazoea yake. Tiketi ikiandikwa Jumanne 02:40, maana yake ni saa nane na dakika arubaini za usiku wa kuamkia Jumanne, na kwa kuwa mnatakiwa muwe kiwanjani saa tatu kabla, mnatoka nyumbani Jumatatu usiku. Familia inayosubiri Jumanne jioni ndipo ifunge masanduku huikuta ndege imeshakwenda. Andika katika karatasi moja, kwa saa zetu za Kiswahili na kwa jina la siku, wakati wa kutoka nyumbani, wa kuruka, wa kutua na wa kuruka tena, kisha uibandike mahali ambapo nyumba nzima inaiona. Kuna wepesi mmoja hapa: Doha, Istanbul na Addis Ababa zote hufuata saa ileile tunayoifuata Zanzibar, kwa hiyo hakuna kubadilisha saa mpaka mtakapofika Ulaya. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Ujerumani na Ufaransa ziko nyuma kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto.

Mnaotoka Pemba, vukeni siku moja kabla, na ikiwa ni miezi ya kusi, vukeni siku mbili kabla. Juni, Julai na Agosti mkondo wa Pemba huchafuka, boti huweza kuchelewa au kuahirishwa, na mtu mzima aliyetapika njia nzima kutoka Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja, hapaswi kupanda ndege ya kimataifa usiku uleule. Ndege ndogo za kutoka Chake Chake ni za takriban nusu saa na humwepusha na mawimbi, lakini nyingi huruhusu kilo 15 tu za mzigo kwa mtu, tena kwa mikoba laini. Njia nzuri, kwa maoni yangu, ni masanduku makubwa yatangulie kwa boti pamoja na kijana wa nyumbani na mzee afuate kwa ndege.

Masanduku

Soma katika tiketi ni kilo ngapi mnazoruhusiwa, kwa kuwa mashirika hutofautiana: wengine hutoa masanduku mawili ya kilo 23, wengine jumla ya kilo 30, na mkoba wa mkononi mara nyingi ni kilo 7. Gawanyeni nguo: nusu ya za mama zitiwe katika sanduku lako na nusu ya zako katika lake, ili sanduku moja likichelewa njiani kila mmoja awe na cha kubadilisha.

Mkoba wa mkononi wa mzee ubebe dawa zote za presha na sukari zikiwa ndani ya maboksi yake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza inayotaja jina la dawa na kipimo chake. Insulini isitiwe kabisa katika sanduku la chini, kwa sababu baridi ya huko huweza kuigandisha na ikishaganda haifai tena. Dawa za maji za mgonjwa zinaruhusiwa kupita ukaguzini hata zikizidi kipimo cha kawaida, mradi mzionyeshe. Mwulize daktari mapema jinsi ya kupanga sindano katika siku ambayo, kwa kuelekea magharibi, itakuwa ndefu kwa saa moja hadi tatu. Vitu vingine vya majimaji na malai, yakiwemo mafuta ya nazi, manukato na losheni, kila chupa isizidi mililita 100 na zote ziingie katika mfuko mmoja angavu wa lita moja. Achari ya ndimu na halua ya Wete ni heri zikae sanduku la chini, zimefungwa mara mbili. Chaja kubwa ya betri ya kubebea umeme wa simu, kinyume chake, haitakiwi sanduku la chini; hukaa nanyi juu.

Kuhusu zawadi za chakula, msimwachie mzee afunge mwenyewe bila ya kuangalia, kwa kuwa mapenzi yake kwa wajukuu ni makubwa kuliko sheria za forodha. Umoja wa Ulaya na Uingereza haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa na vinavyotokana na maziwa, hivyo sambusa za nyama na samli zibaki. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, maembe na shokishoki huhitaji cheti cha afya ya mimea, ilhali ndizi, nanasi, nazi na tende hazihitaji. Karafuu msizibebe kwa kilo: biashara ya zao hilo inasimamiwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kukutwa na mzigo wake bila ya kibali huhesabiwa magendo. Magamba ya kasa pia yasiguswe, kwa kuwa biashara yake imepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa. Ubuyu, visheti na mkate wa ufuta usiotiwa siagi wala maziwa havina ugomvi.

Kiti cha magurudumu

Ombi moja ambalo lingefaa kufanywa kwa kila mzee ni la kiti cha magurudumu, nalo hupelekwa kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya safari, bila malipo yoyote. Wazee wengi wetu hukataa, wakisema kuwa wao si wagonjwa. Mweleze mama kwamba katika kiwanja cha Istanbul mtu huweza kutembea dakika ishirini na zaidi kutoka lango moja hadi jingine, na kwamba anayesukumwa hupitishwa njia fupi ya ukaguzi pamoja na anayefuatana naye. Shirika litakuuliza hali yake ilivyo: anayeweza kupanda ngazi ila hawezi masafa, asiyeweza ngazi, au asiyeweza kutembea kabisa. Jibu kwa ukweli, kwa sababu pengine ndege haisogei hadi jengoni, abiria wakashushwa kwa ngazi na kupakiwa basi. Jueni pia kwamba anayesubiri kiti huteremka mwisho, na hii ni sababu nyingine ya kutaka muda mrefu wa kusubiri katikati. Pamoja na ombi hilo, agiza chakula: katika mashirika ya Ghuba nyama ni ya halali, lakini kwingine omba mapema chakula cha Kiislamu au cha mwenye sukari.

Kisauni

Ndege za kimataifa hutumia jengo la tatu la Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume. Waliokuja kuaga waage nje, wasichukue nusu ya muda wenu. Kwenye kaunta, soma herufi tatu zilizoandikwa katika kibandiko cha kila sanduku, na zisipokuwa za mji wenu wa mwisho, uliza papo hapo. Kila mmoja ashike pasipoti na pasi yake mwenyewe ya kupandia ndege. Ukimshikia mzee kila kitu, siku mtakapotengana kwa dakika tano atakuwa hana hata karatasi inayoonyesha yeye ni nani. Mtilie shingoni au mkobani kadi yenye jina lake, namba yako ya simu, na anwani ya mwenyeji wenu.

Katika ukaguzi mwambie kabla kuwa ataombwa avue viatu, pengine na bangili, na kwamba pini nyingi za ushungi huilia mashine. Mwanamke ana haki ya kuomba akaguliwe na afisa wa kike, na akitakiwa kufunua kichwa aombe chumba cha faragha. Akilijua hilo mapema, hashtuki wala haoni kuwa amevunjiwa heshima.

Ndani ya ndege

Chagua kiti cha pembeni mwa njia kwa mzee, karibu na choo, na chako kando yake. Mfunge mkanda mara moja ukimwonyesha unavyofungika na unavyofunguka, kisha aufungue mwenyewe na kuufunga tena. Mara ya kwanza anapokwenda choo, nenda naye hadi mlangoni. Mlango wenyewe mara nyingi ni wa kukunja, unasukumwa katikati ukaingia ndani. Taa kubwa huwaka pale tu kitasa kinaposogezwa kufunga, na asiyejua hubaki gizani akidhani taa imeharibika. Maji ya kusukumia hayamwagiki kama ya nyumbani, bali choo huvuta kwa kishindo kikubwa cha ghafla, na mzee asiyeambiwa huruka. Hakuna bomba la kujisafishia, kwa hiyo beba chupa tupu ya plastiki, ipite ukaguzini ikiwa tupu, na uijaze maji baadaye. Chupa hiyohiyo itawafaa katika vyoo vya viwanja vingi vya Ulaya.

Hewa ya ndani ya ndege huwa kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari, na ni kavu mno, unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20. Mtu aliyeishi maisha yake yote katika hewa ya visiwani huona midomo ikipasuka na koo kukauka. Anywe maji kidogo kidogo, hata asipohisi kiu, na asiache kunywa kwa kuogopa kwenda msalani. Kukaa kitako kwa zaidi ya saa nne huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Kila baada ya saa moja au mbili, akiwa macho, atembee njiani, na akikaa azungushe vifundo vya miguu na kuinua visigino. Aliyewahi kupata tatizo hilo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kwanza. Ndege inapoanza kuteremka, takriban nusu saa kabla ya kutua, mwamshe. Masikio huziba kwa aliyelala, na kumeza mate au kutafuna tende huyafungua.

Kwa Sala, msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, ila Alfajiri ina wakati wake peke yake na huweza kuingia mkiwa angani. Keti na sheikh wa mtaani kwenu kabla ya safari, mzee akiwepo, awaeleze kuhusu udhu, kibla na kusali kitini. Bila ya hilo, mzee wa ibada hukaa njia nzima na wasiwasi, na hakuna mto wala blanketi litakalompumzisha.

Kituo cha katikati

Mkishuka, mwambie waziwazi: hapa siko, tumebakiza ndege moja. Fuateni kibao cha abiria wanaounganisha na msitoke kuelekea mahali pa kuchukulia masanduku. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari na usiku wake ni baridi, basi sweta liwe mkononi. Doha kuna sanamu kubwa ya dubu wa rangi ya manjano mwenye taa kichwani, ya mita 7, katikati ya ukumbi. Ni alama nzuri ya kukutania kwa sababu kila mfanyakazi anaijua. Vyumba vya kusalia vipo Doha na Istanbul, na mahali pa kutawadhia. Ngazi za umeme zina hatari kwa aliyevaa buibui refu: upindo huweza kunaswa mwishoni mwa ngazi. Tafuta lifti. Angalia ubao wa ndege kila baada ya muda, kwa kuwa lango hubadilishwa.

Kufika

Koti zito na soksi zitolewe katika mkoba wa mkononi kabla ya kutua, zisingoje sanduku. Kwa afisa wa uhamiaji nendeni pamoja na uombe ruhusa ya kumtafsiria mama. Uwe na barua ya mwaliko, anwani, tiketi ya kurudi na bima katika bahasha moja. Akiulizwa anakwenda kwa nani na kwa muda gani, jibu lake na lako yawe yale yale, kwa hiyo yakumbusheni mkiwa bado ndegeni. Sanduku likikosekana, msitoke ukumbini kabla ya kuandikisha ripoti na kupewa namba yake.

Desemba London jua huzama kabla ya saa kumi za alasiri kwa usomaji wetu wa saa, na Juni Magharibi huingia baada ya saa tatu za usiku. Mpakulie chakula chepesi, mwonyeshe kibla, bomba la maji ya moto na swichi ya taa ya chooni, kisha umwache alale usiku wa huko ukiingia, wala si mara tu mnapofika. Dawa ya usiku ampe yule aliyeandika ratiba ya daktari, akiitazama karatasi.